Umeme Upangao Chembe na Taifa Liuzalo Magunia

Mjadala wetu wa umeme ni mjadala wa megawati. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mwananchi anayefuatilia habari anaijua tarakimu hiyo kama anavyoijua namba yake ya simu. Tunauliza umeme utafika vijiji gani, utakatika mara ngapi kwa wiki, na yuniti moja itauzwa shilingi ngapi. Maswali hayo ni halali, na nimeyaandikia mara nyingi. Leo naomba wasomaji wangu, hasa nyinyi mlio katika madawati ya wizara na nyinyi mnaohangaika na tasnifu, tuutazame umeme katika kazi nyingine isiyotajwa kwenye hotuba za bajeti, nayo ni kazi ya kupanga. Umeme unaweza kuzishika chembe nyembamba kuliko unywele, ukaziweka katika safu, ukazielekeza upande mmoja na kuzishikilia hapo mpaka gundi iliyozizunguka igande. Kinachopatikana ni nyenzo mseto, yaani kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi, chenye sifa ambazo hakuna hata kimoja kati yao kilichokuwa nazo kikiwa peke yake.

Mimi si mwanafizikia. Nafundisha uchumi wa kisiasa, na katika fani hiyo tunaulizana kila mwaka swali lile lile: utajiri wa nchi umo katika vitu ilivyo navyo, au katika namna inavyovipanga? Wahandisi wanaotumia uga wa umeme kupanga chembe wamelijibu swali hilo kwa vipimo vya maabara. Jibu lao linaihusu moja kwa moja nchi inayochimba madini ya kinywe, kwa hiyo haifai libaki katika majarida yasiyosomwa na watunga sera.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa shule amelifanya. Sugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, kisha lisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kunata. Wayunani wa kale waliliona jambo hilo kwa kaharabu, na ndiyo maana neno lao la kaharabu, elektron, likazaa jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya. Waarabu nao huuita umeme kahraba, neno lililo ndugu wa kaharabu yetu. Linalosahaulika ni kwamba karatasi ile haikuwa na chaji yoyote. Chanuo ndilo lililokuwa nayo. Uga wa umeme unaolizunguka chanuo huzitenganisha kidogo chaji zilizomo ndani ya karatasi, hasi upande huu na chanya upande ule, hata kila kipande kikawa na ncha mbili mithili ya sumaku. Kwa kuwa uga ni mkali zaidi karibu na chanuo kuliko mbali, ncha iliyo karibu huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko ile inayoisukuma ncha ya pili, na kipande kizima hujongea. Mwaka 1951 mwanasayansi wa Marekani, Herbert Pohl, aliupa mwendo huo jina la dielektroforesi.

Sasa iweke karatasi kando. Chukua unga laini, uchanganye na mafuta au gundi ambayo bado haijaganda, umimine mchanganyiko huo kati ya vibamba viwili vya chuma, kisha washa umeme. Kila chembe hupata ncha mbili. Ncha chanya ya chembe moja huvutana na ncha hasi ya jirani yake, na jirani huyo na mwingine, mpaka minyororo inatanda kutoka kibamba hadi kibamba. Mmarekani Willis Winslow alipata hataza juu ya jambo hili mwaka 1947 na akalichapisha mwaka 1949: mafuta yenye unga yaligeuka mazito mara umeme ulipowashwa, na yakarudi kuwa mepesi ulipozimwa. Waliomfuata waliyatumia maarifa hayo kwa njia nyingine. Badala ya mafuta waliweka gundi au plastiki inayoganda, ili mpangilio ubaki pale hata baada ya umeme kuzimwa.

Wataalamu hupendelea mkondo geu katika kazi hii. Mkondo mnyoofu huzisukuma chembe zenye chaji upande mmoja, na mchanganyiko ukiwa na maji huyachanganua. Mkondo geu hubadilisha mwelekeo maelfu au hata mamilioni ya mara kwa sekunde. Ncha za chembe hubadilika pamoja nao, na mvuto baina ya chembe haupotei. Zaidi ya hayo, kwa kubadilisha kasi ya mageuko hayo, fundi anaweza kuifanya aina moja ya chembe ikimbilie palipo na uga mkali na aina nyingine ifukuzwe kutoka hapo. Mchanganyiko mmoja unaweza kuchambuliwa na kupangwa bila kuguswa na mkono wa mtu.

Kwa nini tujali kama chembe zimepangwa au zimemwagwa ovyo? Chukua plastiki, ambayo kwa kawaida haipitishi umeme, utake iupitishe. Utaichanganya na unga wa kaboni. Unga ukimwagwa ovyo, umeme utapita pale tu ambapo chembe zimegusana kwa bahati kutoka mwanzo hadi mwisho, na ili bahati hiyo itokee lazima unga uwe mwingi. Unga ukiwa mwingi, plastiki huwa nzito, hukatika upesi, na gharama hupanda. Chembe zikipangwa kwa minyororo, njia ya umeme hupatikana kwa unga mchache zaidi, tena katika mwelekeo ule ule unaoutaka, huku upande wa pili ukibaki kihami. Joto nalo, katika nyenzo zenye chembe zinazolipitisha vizuri, husafiri kwa urahisi zaidi kufuata mpangilio.

Bibi zetu wa pwani walilijua jambo hili kwa vidole vyao. Rundo la miyaa halilaliwi wala halibebi nazi. Miyaa ile ile ikisukwa ukili, na ukili ukishonwa, unapata mkeka wa kumlaza mgeni na kikapu cha kwendea sokoni. Uzito wa miyaa haukuongezeka. Bei ndiyo iliyoongezeka, na wote tunajua bei hiyo inalipia nini.

Ipo hesabu moja iliyonifanya, kama mtu wa uchumi, nilifuatilie somo hili kwa makini. Ukali wa uga hupatikana kwa kugawa volti kwa umbali. Ukitaka uga wa volti milioni 1 kwa mita katika pengo la sentimita 1, unahitaji volti 10,000, nazo ni za kuua. Katika pengo la maikromita 10, yaani sehemu 1 ya mia ya milimita, uga ule ule unapatikana kwa volti 10 tu. Betri ndogo ya volti 9 inakaribia kuutoa. Katika pengo la sehemu 1 ya kumi ya milimita, ambalo linaweza kuchongwa kwa njia zinazotumika kutengeneza bodi za saketi, zinatosha volti 100. Kadiri kazi inavyokuwa ndogo, ndivyo umeme unaohitajika unavyopungua. Kifaa cha kutoa mawimbi ya umeme, hadubini, vipande vya kioo vyenye elektrodi, gundi ya epoksi na unga wenyewe: vyote hivyo vinaenea juu ya meza moja ya maabara ya chuo. Hiki si kinu cha kuyeyushia chuma kinachosubiri mkopo wa miaka thelathini.

Hapo ndipo fizikia inapokutana na historia yetu, nami naomba turudi Tanga.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo tukajenga zao lililokuwa nguzo ya mauzo yetu ya nje wakati wa Uhuru. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 za katani, kilele ambacho hatujakifikia tena. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya hapo. Wapo wanaotaja kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 na uendeshaji mbovu uliofuata, na sibishani nao. Mambo hayo yana sehemu yake. Lakini bei ya katani ilianza kuanguka kabla ya mwaka huo, na mojawapo ya sababu ilianzia Milano.

Mwaka 1954, katika jiji hilo, mwanakemia Giulio Natta alitengeneza polipropilini yenye molekuli zilizopangika. Kwa kuanzia alitumia vichocheo vilivyogunduliwa na Mjerumani Karl Ziegler, na mwaka 1963 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndugu msomaji, tafadhali zingatia walichokifanya. Polipropilini ni kaboni na haidrojeni tu. Vishikizo vya pembeni vya molekuli vikikaa ovyo, unapata kitu laini kinachonatanata kisichofaa kufungia hata mbuzi. Vikikaa upande mmoja kwa utaratibu, unapata plastiki ngumu inayoweza kuvutwa ikawa uzi, na uzi ukawa kamba isiyooza majini. Atomi ni zile zile kwa idadi ile ile. Kamba za nyuzi hizo za viwandani ziliingia katika masoko yaliyokuwa ya katani: mashambani, bandarini na kwenye magunia ya nafaka. Sisi tulikuwa na ardhi, jua, manamba na reli. Wenzetu walikuwa na mpangilio.

Naieleza historia hiyo kwa sababu leo tunasimama mbele ya zao jingine, safari hii la chini ya ardhi. Kinywe, madini yaleyale yaliyomo katika kiini cha penseli, yapo kwa wingi Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi, na hata Mirerani, ambako tanzanaiti hukaa ndani ya miamba yenye kinywe. Ndiyo yanayotumika katika upande hasi wa betri za lithiamu, za simu na za magari. Viongozi wetu wameyaita madini ya karne, na wanaharakati wetu wameuliza kwa haki kabisa wananchi wanaohamishwa kupisha migodi watalipwa nini na lini.

Sheria tulizozipitisha mwaka 2017 zilitamka mambo mazito. Serikali ipate hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji bila kuzilipia, na madini yachakatwe nchini badala ya kusafirishwa yakiwa ghafi. Niliziunga mkono wakati ule na naziunga mkono sasa. Hoja yangu ni kwamba maneno "kuongeza thamani" yamepata maana finyu vinywani mwetu. Tukisema kuongeza thamani tunaona picha ya bomba la moshi, utepe unaokatwa na mheshimiwa mwenye mkasi. Mwamba husagwa, kinywe hutenganishwa na mchanga, hukaushwa, hutiwa katika magunia makubwa na kupelekwa bandarini. Hatua hiyo ni muhimu na inatoa ajira. Hata hivyo kilichomo ndani ya gunia bado ni unga uliomwagwa ovyo. Thamani kubwa inaanzia pale chembe inapopewa umbo, inaposafishwa kwa kiwango cha betri, inapovikwa ngozi nyembamba, na inapopangwa.

Dunia inalijua hilo. Zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha kiwango cha betri husafishwa China, na Desemba 2023 nchi hiyo ilipoanza kudhibiti usafirishaji wa kinywe nje, wakubwa wa viwanda vya magari katika mabara mengine walishtuka. Hawakushtuka kwa kukosa miamba. Miamba ipo Tanzania, Msumbiji, Madagaska na kwingineko. Walishtuka kwa sababu maarifa ya kuigeuza miamba yalikuwa yamejikusanya mahali pamoja.

Kuhusu mpangilio wenyewe, mfano upo. Chembe za kinywe ni bapa kama magamba ya samaki, na katika betri ya kawaida hulala kifudifudi zikiwa zimerundikana. Ayoni za lithiamu huingia kwenye gamba kupitia kingo zake, kwa hiyo hulazimika kuzunguka zunguka kabla ya kupata mlango. Mwaka 2016 watafiti wa ETH Zürich walichapisha matokeo ya kuyasimamisha magamba hayo wima kwa uga wa sumaku, baada ya kuyapaka chembe za oksidi ya chuma, na betri ikaweza kuchajiwa na kutumika kwa kasi kubwa zaidi. Kinywe kilikuwa ni kile kile cha kawaida. Sumaku na umeme ni ndugu katika kazi hii: yote mawili hutumia uga kuielekeza chembe, na kila mmoja una mahali unapomshinda mwenzake.

Sasa unganisha mambo mawili niliyoyasema. Palipo na mpangilio, katika nyenzo nyingi mseto unga mchache hufanya kazi ya unga mwingi. Maana yake kisiasa ni kwamba mnunuzi anayejua kupanga anaweza kuhitaji magunia machache kwa kila bidhaa, ilhali muuzaji asiyejua kupanga amefunga bajeti yake kwa kuhesabu magunia. Mahesabu ya mrabaha tunayoyafanya leo yanadhani tani moja ya kesho itahitajika kama tani ya leo. Wazee wa mkonge nao walidhani hivyo.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na mbili zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya maabara na bado hayajafika viwandani kwa upana. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Chembe hutuama kabla ya kupangika, gundi nzito huzichelewesha, uga ukizidi huzuka cheche, na kilichofanyika vizuri katika tone moja hukataa kufanyika katika pipa. Lakini si kila kitu kimekwama hapo. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya magari vimekuwa vikizamisha mabodi katika madimbwi ya rangi na kuilaza rangi hiyo juu ya chuma kwa umeme, kazi itokanayo na jambo aliloliona Ferdinand Reuss huko Moscow mwaka 1807, chembe za udongo zikisafiri majini baada ya umeme kupitishwa. Umbali kati ya udongo wa Reuss na rangi ya gari ulikuwa zaidi ya miaka 150. Matatizo yaliyobaki katika kupanga nyenzo mseto bado hayana mwenyewe, na mbio ambazo mshindi hajafika ndizo zinazofaa kuingiwa na mtu mwenye mtaji mdogo.

Ya pili inasema nchi yenye shule zisizo na madawati haina ruhusa ya kuchezea chembe. Pingamizi hili lina heshima yake, lakini linasahau kulinganisha gharama. Mwenzangu mmoja anayefundisha fizikia aliwahi kuomba fedha za kununua kifaa kimoja cha mawimbi ya umeme na kutengeneza lenzi ya hadubini iliyokwaruzika. Fomu aliyopewa ilikuwa na safu za posho, mafuta ya gari, ukumbi, chakula na mabango ya warsha. Safu ya vifaa haikuwapo. Alishauriwa aandae warsha juu ya umuhimu wa vifaa. Sitaji ofisi iliyotoa ushauri huo, kwa sababu wasomaji wangu wengi wataidhania ni yao, na pengine hawatakosea. Fedha za kuchezea chembe tunazo, tumezipanga ovyo.

Mwaka 1980, katika Mpango wa Utekelezaji wa Lagos, nchi za Afrika ziliweka lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo ya sayansi. Mwaka 2006 huko Khartoum lengo lile lile likatamkwa upya. Sisi tulikuwa tumeanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986. Taasisi tunazo, matamko tunayo, na madini tunayo. Tulichokosa ni uga wa kuvielekeza upande mmoja.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, mkiandika masharti ya leseni au mkataba wa kinywe, wekeni kifungu kimoja chepesi: kila mgodi upeleke vyuo vyetu sampuli zilizopimwa, pamoja na taarifa za usafi na ukubwa wa chembe, kila mwaka na bila malipo. Mtafiti asiyeijua chembe yake hawezi kuipanga. Wekeni pia mfuko wa ruzuku ndogo zisizo na safu ya posho, zinazotolewa ndani ya miezi mitatu, na zinazodai ripoti ya vipimo badala ya picha za washiriki.

Kwa wanafunzi wa fizikia, kemia na uhandisi, tasnifu ya uzamili juu ya minyororo ya kinywe cha Mahenge ndani ya epoksi, au ndani ya mpira, inaweza kuandikwa hapa hapa. Pimeni upitishaji wa umeme kabla na baada ya kupanga, badilisheni kasi ya mageuko ya mkondo, andikeni matokeo hata yakiwa mabaya. Na nyinyi wa sheria na uchumi msikae pembeni mkidhani hayawahusu. Mwanasheria asiyejua tofauti kati ya kinywe cha gunia na kinywe cha betri ataujadili mkataba akiwa amefumbwa macho.

Kwa wanaharakati, endeleeni kudai fidia na uwazi wa mrabaha. Ongezeni swali moja katika kila mkutano na kampuni na katika kila kikao na mbunge: baada ya miaka kumi ya uchimbaji, ni Watanzania wangapi watakaokuwa wakijua kufanya kitu na madini haya ambacho hakikujulikana siku mgodi ulipofunguliwa? Idadi hiyo iandikwe na itangazwe kama zinavyotangazwa tani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu mpaka sasa lina ukurasa wa uzito tu.